Madumu ya Milimita Tatu

Dada yangu anayaita midoli. Mgeni akiingia sebuleni akaona ile rafu, maroboti kumi na moja ya plastiki yamesimama kama askari wa gwaride, dada huwahi kunitetea kabla sijaulizwa: "Huyo ni mwandishi wa habari, ana stresi za kazi." Mgeni huitikia kwa huruma, chai inaletwa, maongezi yanahamia kwenye mambo ya maana.

Sijawahi kubishana naye. Nina miaka 34, nina digrii yangu, na jioni nyingi utanikuta nimeinamia meza nikipiga msasa kipande cha plastiki kisichozidi punje ya mchele. Kumweleza mtu mzima wa Dar es Salaam kwa nini unafanya hivyo ni kazi ya usiku kucha. Ngoja nijaribu kwa maandishi.

Boksi la kwanza lilikuja ndani ya Toyota Noah. Mjomba wangu anashughulika na kutoa magari bandarini, yale yaliyotumika Japani, na anayeijua kazi hiyo anajua kwamba magari yale huja na masalia ya maisha ya wenyewe: CD za nyimbo, ramani za barabara, pasi ya maegesho iliyosahaulika kwenye droo, na kile kidude cha dashibodi kinachokusalimia kwa Kijapani kila ukiwasha gari, na kitaendelea kusalimia mpaka gari life Mbagala. Chini ya tairi la akiba la Noah ile palikuwa na boksi limefungwa vizuri, juu yake picha ya jitu la kijani lenye jicho moja la pinki. Mjomba akaniletea kwa sababu nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, na kwa mawazo yake msomi anajua kila lugha. Kitabu cha maelekezo kilikuwa Kijapani mwanzo mpaka mwisho. Lakini michoro ilitosha. Nilianza saa mbili usiku, nikasikia adhana ya alfajiri nikiwa nafunga mkono wa kushoto.

Kwa asiyezijua, modeli hizi huitwa Gunpla, jina lililounganishwa kutoka Gundam na plastiki. Gundam ni tamthilia ya katuni iliyoanza kurushwa kwenye televisheni ya Japani Aprili 1979, mwongozaji wake Yoshiyuki Tomino, mashine zake zikichorwa na Kunio Okawara. Watazamaji hawakutosha. Ilipangiwa vipindi 52, ikakatwa ikaishia 43. Julai 1980, miezi karibu sita tangu kipindi cha mwisho, kampuni ya Bandai ikatoa modeli ya kwanza: roboti ambalo kwenye hadithi lina urefu wa mita 18, limepunguzwa mara 144 likawa sentimita 12 na nusu, kwa bei ya yeni 300. Hiyo ndiyo iliyoifufua hadithi. Yaani katuni ilishindwa, plastiki ikaiokoa. Kwa sisi tunaopenda kuamini kwamba hadithi nzuri hujisimamia yenyewe, hili si jambo la kulipita haraka.

Modeli ile ya kwanza ukiiona leo unaicheka. Plastiki nyeupe karibu yote, ya kugundisha kwa gundi, miguu haikunji vizuri, rangi ujitafutie mwenyewe. Lakini waliozinunua hawakuwa watoto tu. Walikuwemo wazee wa kazi, watu waliokwisha kuzeeka na vifaru na ndege za Vita vya Pili vya Dunia, na hao walikuja na mbinu zao: kuziba mistari ya maungio, kupitisha brashi kavu kwenye kingo ili chuma kionekane kimechubuka, kusaga chaki kuwa vumbi la barabarani. Wakalitendea roboti lisilowahi kuwepo kama kitu kilicholazwa nje kikanyeshewa mvua. Mchezo wote wa kuremba ulizaliwa hapo.

Siku hizi mambo ni tofauti. Kiwanda kiko Shizuoka, mkoa ambao modeli za plastiki ni kama karafuu kwa Pemba. Tamiya wako huko, Hasegawa wako huko, Aoshima wako huko. Mashine zao zinaweza kumwaga plastiki ya rangi nne kwenye fremu moja, nyeupe, nyekundu, njano na bluu bila kuchanganyika. Hakuna gundi; vipande vinabana vyenyewe kwa mlio mdogo ambao ukishauzoea unaudai, kama mlio wa kitasa cha nyumbani kwenu. Daraja linaloitwa RG, lililoanza 2010, lina maajabu zaidi: unakata kiungo kutoka kwenye fremu, unakikunja, na kinakunja. Kimezaliwa na goti tayari. Nilipoliona mara ya kwanza nilimwita dada aje atazame. Alitazama. Akarudi jikoni.

Basi mtu anaweza kujenga modeli kwa saa tatu akaweka rafuni, na itapendeza. Wengi wanaishia hapo na hawana kosa. Mimi ninachokipenda kinaanzia hapo.

Kwanza, kukata. Kipande hakikatwi mara moja. Unakikata mbali kidogo na mwili wake, halafu unarudi kukata kile kishina kilichobaki, kwa koleo jembamba lenye makali upande mmoja. Ukikata kwa pupa plastiki inapata alama nyeupe, kama kovu la kuungua. Kisha msasa: namba 400, halafu 600, halafu 800, ukifika 1000 kidole hakijui tena palipokatwa. Kisha wino mweusi mwepesi, unaugusisha tu kwenye mfereji wa mstari nao unakimbia wenyewe kuufuata mstari wote, kama maji ya mvua yanavyoutafuta mtaro. Hapo ndipo kitu kilichokuwa mdoli kinaanza kuwa na uzito. Mwishoni unapuliza kliya isiyong'aa, na plastiki inaacha kuwa plastiki. Hatua hii ya mwisho sijawahi kuielewa kikamilifu. Mng'ao ukiondoka, jicho linasema: chuma.

Kliya hiyo na nusu ya ninachokijua nimevipata Gerezani, kwa fundi rangi wa magari. Nilimwendea kununua thina, nikabaki. Ni mtu wa makamo, ana kompresa inayokohoa, na macho yake yanaona tofauti kati ya nyeupe mbili ambazo mimi naona ni moja. Alinifundisha kwamba praima si ya kuharakisha, kwamba rangi nyepesi mara tatu inashinda nzito mara moja, kwamba siku ya unyevunyevu funga kazi, nenda kanywe kahawa. Nilipomwonyesha kwenye simu picha za maroboti yaliyorembwa yakawa na kutu, masizi na matundu ya risasi, aliangalia muda mrefu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kaka, mimi nalipwa kuficha ajali. Wewe unatoa hela yako kuichora?"

Nilicheka pia. Lakini swali lile lilinifuata nyumbani.

Sijaeleza bado hadithi yenyewe inahusu nini, na bila hilo hutaelewa. Gundam ni hadithi ya vita. Inapoanza, watu wanaoishi kwenye makoloni ya angani wamedai uhuru, vita vimelipuka, na ndani ya mwezi mmoja na kitu nusu ya binadamu wote wamekufa. Hilo unaambiwa mwanzoni kabisa, kabla hujamjua mtu hata mmoja. Mhusika mkuu, Amuro Ray, ni kijana wa miaka 15 anayeingia ndani ya mashine kwa sababu mtaa wao unateketea. Jirani yake, binti anayeitwa Fraw Bow, anapoteza ndugu zake katika kipindi hicho hichohicho cha kwanza. Na ile meli ya kivita wanayokimbilia imejaa wakimbizi: wazee, kina mama, watoto wadogo watatu wanaokimbizana kwenye korido huku wakubwa wakibishana mambo ya makombora. Baadaye kuna kipindi ambacho Amuro anakutana na mama yake, na mama anamwona akimpiga risasi askari. Namna mama yule anavyomtazama mwanawe sijaiona kwenye filamu nyingi za watu wazima.

Tomino alizaliwa 1941. Sihitaji kueleza zaidi mtoto wa Japani wa mwaka huo aliona nini.

Na bado biashara yote imesimama juu ya mashine. Ukipenda kuwa mkali unaweza kusema: huyu mtu alitunga hadithi ya kulaani vita, na hadithi hiyo ikauza silaha ndogondogo kwa mamilioni ya watoto. Nimewahi kusikia mtu akisema hivyo kwa dharau na sikupata jibu la haraka. Silaha zinapendeza, ndugu zangu. Zimechorwa zipendeze.

Mwishoni mwa 2022 nilikwenda Goma kikazi. Waasi wa M23 walikuwa wameshika Rutshuru na wanasogea kusini, watu wanamiminika Kanyaruchinya, kaskazini kidogo ya mji. Ardhi ya pale ni mawe meusi ya volkano. Kigingi cha hema hakiingii, kwa hiyo watu walijenga vibanda vya matawi na maturubai, wakavishikilia kwa mawe hayohayo. Nilifanya kazi yangu. Niliuliza watu wametoka wapi, wametembea siku ngapi, wamemwacha nani. Watu walinijibu kwa Kiswahili chao, na mimi nikauliza kwa changu, tukasikilizana vizuri tu.

Pembeni ya foleni ya maji kulikuwa na mvulana, labda wa miaka tisa, ana gari la bati. Magari ya bati nimeyaona tangu nikiwa mtoto, sisi wenyewe tuliyatengeneza kwa makopo ya mafuta na waya. Lake lilikuwa lori, limekatwa kutoka kwenye kopo la mafuta ya kula, magurudumu ya ndala iliyokatwa kwa wembe. Nilichuchumaa. Nadhani nilichuchumaa kwa jicho la mtu wa modeli, siyo la mwandishi, kwa sababu kitu cha kwanza nilichokiona ni kazi: kingo zimekunjwa ndani zisimkate, ekseli imepakwa mafuta. Juu ya bodi alikuwa amefunga kwa uzi kipande cha sponji.

"Hii ni nini?"

"Matela," akasema. Godoro.

Na vipande vya plastiki ya njano vilivyofungwa ubavuni, vinne, kila kimoja kama ukucha?

"Bido."

Madumu ya maji. Kulikuwa na kitu kingine nilichokiona nikadhani ni kasoro: lori lilikuwa limelalia upande wa kushoto, waya wa ekseli upande huo umepindwa chini kwa makusudi. Nikamuuliza mbona limeinama.

"Njo vile ilikuwa."

Ndivyo lilivyokuwa. Alisema kama anavyosema mtu anayejibu swali lisilo na maana kubwa, akalivuta, akaenda zake.

Niliandika aya moja juu yake kwenye habari yangu. Mhariri aliikata, nafasi ilikuwa ya maneno 600, na ukweli ni kwamba ningekuwa mimi kwenye kiti chake ningeanza kukata hapohapo.

Niliporudi, mezani kulikuwa na Zaku. Zaku ndilo lile jitu la kijani la jicho moja, la upande wa adui, ninalolipenda kuliko mashujaa wote. Hili lilikuwa jipya, la kipimo cha 1/144, limeshajengwa, limeshapigwa praima, na mpango wake nilikuwa nimeuchora kwenye daftari kabla sijasafiri: matundu matatu ya risasi kwenye ngao ya bega, moja kubwa kifuani, masizi kuzunguka kila tundu. Namna ya kufanya ni rahisi. Unapasha pini moto, unachoma, plastiki inayeyuka na kujikunja kingo kama chuma kilichopasuliwa. Inatokea vizuri sana.

Niliipasha pini. Halafu, kwa mazoea tu ya kupima, nikapiga hesabu. Tundu la milimita 2 kwa kipimo hicho ni kama sentimita 29. Mtoto mdogo anapita. Mtu wa mita 1.7 anakuwa milimita 12, chini ya upana wa kidole gumba changu. Nikazima mshumaa.

Zaku lilikaa hivyo miezi minne.

Rafiki yangu wa Nairobi, injinia, mjenzi mzuri kuliko mimi mara kumi, aliona picha ya bega jeupe la praima akanipigia. "Boss, hiyo kitu ni plastiki. Hakuna mtu ameumia." Kisha akasema jambo lililonikaa zaidi. Kwake yeye, mashine safi ndiyo uongo. Mashine ya vita inayong'aa ni ile ya kwenye tangazo na kwenye gwaride, ile ambayo serikali inataka uione. Ukilichafua ndipo unakiri kwamba lilikwenda mahali likafanya kitu. "Kwani unataka ulirudishe showroom?"

Ana hoja. Nimeizungusha kichwani mara nyingi na bado ana hoja. Ila kinachonikwaza kiko kwingine: tundu la risasi kwenye modeli linaonyesha mashine ilivyoumia. Tunapaka masizi kwa uangalifu wa daktari, tunatafuta rangi halisi ya kutu ya siku tatu na ya miezi mitatu, tunabishana kama mafuta yangevujia mbele au nyuma. Uchungu wote tunampa mwenye mita 18. Wa milimita 12 hayumo kwenye boksi. Na akiwemo, maana daraja la MG huwa na visanamu vidogo vya marubani, anayekuwemo ni rubani.

Sisemi watu waache. Mimi mwenyewe sikuacha. Mwezi wa tano nilirudi kwenye Zaku na nikalichafua, ila kwa uchafu wa kazi. Vumbi jekundu la chaki kwenye nyayo, likififia kuelekea magotini. Masizi halisi kwenye matundu ya moshi mgongoni, nimeyakwangua chini ya sufuria ya dada bila kumwambia, na nakuambia hakuna rangi ya dukani inayoyafikia. Kifuani, pembeni ya mlango wa rubani, nilichubua rangi kwa sponji pale tu ambapo mtu angeshika kila siku akipanda na kushuka. Hapo nilitumia wiki nzima. Mkono hushika wapi? Nilikwenda stendi ya daladala nikatazama nguzo za milangoni. Rangi haichubuki sawasawa. Pana sehemu moja tu, ya kimo cha bega, inayoliwa mpaka chuma kinang'aa, na chini yake rangi iko salama kama siku gari lilipotoka kiwandani.

Bega halina tundu.

Halafu nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Fremu zikishamalizwa kukatwa zinabaki taka, na nilikuwa nimehifadhi ya njano kutoka boksi la zamani. Dumu la lita 20 lina urefu wa kama sentimita 45. Kwa 1/144 ni milimita 3 na ushei. Nilikata, nikapiga msasa, nikachonga mpini kwa ncha ya kisu huku nimeshikilia pumzi. Manane yaliruka yakapotea zuliani, moja nadhani nimelimeza. Yaliyotoka vizuri nikayapanga kwa foleni kwenye kibao cha chini, karibu na mguu wa kulia wa Zaku, yamekaa kidogo ovyoovyo, kama yanavyokaa yakiachwa na wenyewe washike zamu.

Mtu akiliangalia jitu, hayaoni. Wageni wa dada hawajawahi kuyaona. Rafiki yangu wa Nairobi aliyaona kwenye picha, akaandika neno moja tu, "Aah," na hatujarudi kwenye ule mjadala.

Jumamosi iliyopita nilibeba kibao kizima mpaka Gerezani, ndani ya boksi la viatu, fundi aone kliya yake ilivyokaa. Aliligeuza taratibu, akanusa, akasugua vumbi la nyayo kwa kucha kuona kama linatoka. Akaridhika nalo. Kisha akauliza kama zile nukta za njano ni matone ya rangi yaliyonidondokea. Nikamwambia ni madumu ya maji. Akaenda kuchukua miwani.

"Manne," akasema. Akainama tena. "Na wenyewe wako wapi?"

Sikujibu. Akavua miwani, akaniambia kliya ya begani imeingia vumbi, niirudie siku isiyo na upepo.